Canter imegoma kuingia mtaani kwetu Zingiziwa. Nyie mliohamia maporini vitu vilifikaje?

#1 Mpangaji Mstaafu

Wakuu, habari za jioni.

Baada ya miaka kumi na moja ya kupanga Tabata nimepata kanyumba kangu Zingiziwa, kule Chanika. Hakajaisha. Bati lipo, mbele kuna nondo, madirisha ya nyuma nimeziba kwa mabati. Ila kodi inaisha tarehe 30 na sina mpango wa kumpa mwenye nyumba miezi sita mingine.

Jumamosi nimempeleka dereva wa Canter akaangalie njia kabla ya kupakia. Kufika kwenye mkorosho mkubwa, kama mita 800 kabla ya kwangu, kashuka, kalitazama lile bonde, kavuta pumzi, kasema, "Bosi, mimi hapa siingii." Tulipatana laki na thelathini. Sasa anasema atashusha hapo hapo mkoroshoni kwa bei ile ile, au niongeze laki nyingine, na gari likizama gharama ya kulitoa ni yangu.

Naulizeni: laki ya mita 800 ni halali kweli, wakati Tabata hadi Chanika yote ni laki na thelathini? Na nyie mlifanyaje? Nina kabati la milango minne, friji, makochi, simtanki la lita 1,000, na mama mkwe ambaye ameshatangaza kwamba atakaa mbele na dereva.

#2 Nimekaa Pale

Ngoja waje wenye Canter.

#3 Kirikuu wa Sinza

Zingiziwa si Kisarawe hiyo? Hongera kwa kuhamia mkoani mkuu.

#4 Mwana Ilala

#3 acha upotoshaji. Zingiziwa ni kata ya wilaya ya Ilala. Na tangu 2021 Manispaa ya Ilala ndiyo ilipandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo mleta uzi anahamia Jijini. Wewe wa Sinza uko manispaa, Ubungo huko. Heshimu watu wa Jiji.

#5 Kirikuu wa Sinza

Jiji ambalo Canter haiingii 😂 Sawa, nimekubali.

#6 Suka wa Kitambo

Mleta uzi, nimeendesha Canter ya watu miaka tisa, kijiwe chetu kilikuwa Buguruni. Nikwambie upande wa pili halafu mnitukane vizuri.

Ile gari si ya dereva, ni ya tajiri. Jioni tajiri anataka hesabu yake, uwe ulibeba kabati au jeneza. Kwenye laki na thelathini yako toa mafuta ya kwenda na ya kurudi, maana Chanika unarudi mtupu. Toa ya utingo. Toa ya dalali aliyewakutanisha kijiweni. Kinachobaki ni hesabu, na makombo ya hesabu ndiyo ugali wa dereva. Sasa aingie bondeni avunje springi, jani moja tu, tajiri haulizi bonde lilikuwaje. Anakata. Akizama akalala huko, kesho hana hesabu, keshokutwa kuna deiwaka, dereva wa kibarua cha siku, kapewa funguo.

Ile laki si ya mita 800 mkuu. Ni ya kesho yake.

Na wateja nanyi mna uongo wenu. "Ni hapo hapo karibu na lami, njia nzuri, hata bajaji zinapita." Ukifika unaambiwa nyoosha tu, kata kwenye mihogo ya watu, kisha mwembe, kisha mnara. Huyo wako angalau alikwenda kuangalia kabla. Mshukuru.

#7 Binti Tandika

#6 hapo kwenye kushukuru umenipoteza kaka. Wangu hakuwa na tajiri, gari lake mwenyewe, na alifanya yale yale. Mwaka jana nahamia Mbande. Mvua hakuna, njia kavu. Tumepatana elfu tisini Temeke. Vitu vimepakiwa, turubai limefungwa, mtoto mgongoni, tumeshaipita Chamazi, mara anaegesha pembeni: "Dada, hii njia hukunielezea vizuri." Nikalipa laki na nusu. Utafanya nini na kitanda chako kiko juu? Wanajua mzigo ukishapanda, mdomo wa mwenye mzigo umefungwa kwa kamba ile ile ya turubai.

Mleta uzi, tembea hiyo njia kwa mguu ukipiga video mwanzo mwisho, mtumie, aseme bei akiwa ameona, ujumbe ubaki kwenye simu. Na nusu ya hela aipate mlangoni, siyo mkoroshoni.

#8 Mzee Kifusi

Video haina kina mwanangu. Bonde kwenye simu linaonekana kama sahani.

#9 Suka wa Kitambo

#7 pole dada. Huyo alikuwa mwizi wa kawaida, hata angeuza nyanya angekupunja.

#10 Gia Namba Moja

Kosa mlilofanya ni kwenda kuangalia na gari tupu. Canter inasukumwa na tairi za nyuma. Ikiwa tupu nyuma ni nyepesi, inateleza, dereva anaogopa. Ikiwa na mzigo inakanyaga. Pakia vitu vizito vyote nyuma ya ekseli, hata hilo simtanki lijaze maji uliweke mwisho, utapita kama uko Bagamoyo Road.

#11 Suka wa Kitambo

Wakuu msimsikilize #10. Lita 1,000 za maji ni tani moja kamili. Unaiweka juu ya gari lililopakiwa mpaka kwenye kingo, halafu maji yanacheza, halafu uingie bonde lililoinama upande. Hilo gari litalala na mama mkwe akiwa mbele.

Ni kweli uzito kidogo nyuma unasaidia kwenye utelezi wa juu juu, pale chini pakiwa pagumu. Pakiwa laini mpaka chini, uzito ndio unaokuzamisha. Na vitu vya ndani havina uzito wa kutisha, vina ujazo. Kinachotusumbua mara nyingi ni urefu kwenda juu: waya za umeme zimelegea, matawi ya miembe, kabati limesimamishwa. Nimewahi kukata waya wa mtu Majohe. Mtaa mzima ulitoka na mapanga.

#12 Gia Namba Moja

Nilisema nyuma, sikusema ujinga. Haya.

#13 Mwana Kimbiji

Mnajisumbua. Asubiri mvua inyeshe kidogo, kesho yake asubuhi apite. Mimi huku Kigamboni, ukivuka Kibada ukaelekea Kimbiji, kiangazi ndicho kinatutesa. Mchanga mkavu gari linaogelea, linachimba lenyewe. Mvua ikipiga mchanga unakamatana, unapita safi. Na dereva apunguze upepo wa tairi, likanyage kwa upana, akirudi lami ajaze tena.

#14 Mkaazi wa Msongola

#13 usimuue mwenzio. Huko kwenu ni mchanga. Huku mvua ikinyesha udongo unanata, tairi linavaa tope mpaka linakuwa duara tupu, halina meno. Huku baada ya mvua unahesabu siku tatu za jua kali, ndipo unaongelea Canter. Masika ndiyo usithubutu, kuanzia Machi mpaka Mei tunapita kwa miguu na viatu mkononi.

#15 Mwana Kimbiji

Sasa kwake ni mchanga au mfinyanzi? Tunashauri kitu tusichokijua.

#16 Mpangaji Mstaafu

Asanteni wakuu. Juu ni mchanga mweupe. Ukichimba kama futi moja unatoka udongo wa kijivu unaonata. Bonde lenyewe ni fupi, hatua thelathini hivi, ila limeshameza bajaji mbili.

Kila mtu mtaani ana maelezo yake. Jirani wa kushoto anasema palikuwa na chemchemi wenye viwanja wakaifukia. Mjumbe anasema ni Fuso za mchanga na tofali zinazokwenda saiti, ndizo zimechimba. Kuna kijana wa boda anaapa kwamba ni kalavati liko chini huko, limeziba, hakuna aliyewahi kuliona ila baba yake aliliona.

#17 Mzee wa Mvuti

Salamu kwenu vijana. Mchanga juu na mfinyanzi chini ndiyo ardhi yetu ya huku tangu zamani. Maji yanashuka kwenye mchanga, yakifika kwenye mfinyanzi yanagoma, yanatembea pembeni mpaka yapate bonde. Ndiyo maana mvua inaweza kukata wiki nzima na bonde likabaki linalia. Mabonde hayo tulikuwa tunalima mpunga. Mtu aliyekuuzia kiwanja alikuonyesha mwezi gani?

#18 Mpangaji Mstaafu

Shikamoo mzee. Mwezi wa tisa.

#19 Mzee wa Mvuti

Marahaba. Basi.

#20 Nimekaa Pale

Hiyo "basi" imeniuma mimi ambaye sina hata kiwanja 😂😂

#21 Raia Mwema Pugu

Nendeni TANROADS mkalalamike kwa maandishi. Barabara ni haki yenu.

#22 Mwana Ilala

TANROADS wana barabara kuu na za mkoa. Za mitaani ni TARURA, tangu 2017 walipoanzishwa. Kabla ya hapo zilikuwa chini ya halmashauri. Na kwanza aulize kama hiyo ni barabara. Mitaa mingi ambayo haikupimwa, njia ni hisani ya mtu aliyerudisha ukuta wake nyuma. Siku akijisikia kupanda mihogo, imekwisha.

#23 Mkaazi wa Msongola

Sisi tulichangishana elfu ishirini kila kaya, tukanunua trip nane za moramu, tukakodi na greda. Ilipendeza sana. Masika ya kwanza moramu ikaenda kwa jirani wa bondeni, sasa ana uwanja mzuri wa kuegesha gari, na mchango hakutoa.

#24 Mzee Kifusi

Hamkuweka mtaro wala bomba la kupitisha maji, mkamwaga moramu juu ya maji. Kosa si la jirani.

#25 Mkaazi wa Msongola

Mtaro ulikuwepo. Uliishia kwenye ukuta wa mtu. Tuliache.

#26 Mama wa Mabwepande

Mleta uzi, achana na Canter kufika mlangoni. Fanya kama nilivyofanya mimi. Canter inashusha sehemu ngumu, kuanzia hapo ni guta, zile za tairi tatu za kubebea mizigo. Nilikodi guta mbili za injini kwa siku nzima, na vijana wanne wa mtaani KWANGU, siyo wa kijiweni. Wa kijiweni hawaijui njia, na wakishusha wanaondoka. Wa mtaani atakuona kesho, keshokutwa anakuomba maji, hawezi kuingiza kochi lako kwenye dimbwi akacheka.

Guta inapita popote penye upana wa mlango. Kitanda, makochi, magunia, vyombo vyote vilikwenda kwa trip tisa. Simtanki walilivingirisha wenyewe kama mpira. Kabati tu ndilo lilikwenda kwa mabega. Mpatane kwa siku, usikubali kwa trip, ukikubali kwa trip watabeba sufuria moja moja.

Na uwe na mtu mkoroshoni na mtu nyumbani. Katikati ndipo vitu vinapokonda.

#27 Kirikuu wa Sinza

Mama Mabwepande, nyie si ndio mliohamishwa na serikali baada ya mafuriko ya 2013? Mlikuwa na uzoefu wa kuhama.

#28 Mama wa Mabwepande

Mafuriko ya Jangwani yalikuwa Desemba 2011, watu wakaletwa huku mwanzoni mwa 2012. Mimi simo, nilinunua kwa hela yangu ya vikoba miaka mitano baadaye. Ila nilipofika niliwakuta, na wao ndio walionifundisha kuweka magodoro kwenye mifuko ya nailoni kwanza hata kama jua linawaka. Walijua walichokuwa wanasema.

#29 Fundi Baridi

Naingilia kwa sababu ya friji. Guta na friji vinapatana kama likisimama wima limefungwa. Vijana watataka kulilaza, ni rahisi kwao. Likilala gesi inatoka, kwa hiyo...

#30 Fundi Baridi wa Kweli

Jina sijakuiba mkuu, ila gesi haitoki kwa kulazwa. Ule mfumo umezibwa. Kinachohama ni oili ya kompresa, inaingia kwenye mabomba. Ukiliwasha hapo hapo kompresa inazunguka bila oili, inakufa. Likilazwa kwa bahati mbaya, lisimamishe na uliache bila umeme saa kadhaa. Likilala muda mrefu, liache mpaka kesho.

#31 Fundi Baridi

Nilikuwa nafika huko kwenye oili. Umenikatisha.

#32 Binti Tandika

Langu lilikwenda limelala, likawashwa usiku ule ule, mwaka wa pili huu linagandisha. Labda ni maombi.

#33 Askari Mstaafu wa Sungusungu

Hakuna aliyesema kuhusu barua. Chukua barua kwa mwenyekiti wa mtaa wa Tabata kwamba unahama na vitu ni vyako, na huku ujitambulishe kwa mjumbe kabla ya siku. Canter imejaa runinga na magodoro saa tatu usiku, sisi tulikuwa tunaisimamisha. Wezi nao wanahama usiku.

#34 Suka wa Kitambo

Miaka tisa nimeombwa hiyo barua mara mbili tu, zote usiku. Mchana hakuna anayekuuliza.

#35 Mwana Kimbiji

Mimi niliombwa mchana. Na aliyeniomba alikuwa anataka ya soda.

#36 Askari Mstaafu wa Sungusungu

Hakuwa sungusungu huyo.

#37 Nimekaa Pale

Wazo: SGR ina kituo Pugu. Kabati lipande treni, mama mkwe ashuke nalo kwa heshima.

#38 Mpangaji Mstaafu

Mama mkwe anausoma uzi huu. Mke wangu kamwonyesha. Anasema atakaa mbele na dereva vile vile.

#39 Kipepeo wa Kurasini

Bibi yangu alikuwa hakubali mtu ahame na ufagio wa zamani, anasema unahama na taabu za ulikotoka. Ni hilo tu, endeleeni na springi zenu.

#40 Gia Namba Moja

Mkuu, swali la laki mbona limeachwa? Mimi naona ni dalali. Dereva angepatana na wewe moja kwa moja asingetaja laki. Dalali ameshakula elfu thelathini, dereva anaitafuta kwako.

#41 Suka wa Kitambo

Dalali hali thelathini kwenye kazi ya laki na thelathini. Anakula kumi, akikaza kumi na tano.

#42 Binti Tandika

Mnaona? Mnajuana mpaka viwango.

#43 Mpangaji Mstaafu

MREJESHO wakuu.

Tumehama jana, Jumatatu, maana Jumamosi vijana wa guta wote walikuwa kwenye mazishi. Nimeacha yule wa laki, nimepata mwingine kijiwe cha Gongo la Mboto kwa laki na ishirini mpaka mkoroshoni, tumeandikiana kwenye simu kama alivyosema Binti Tandika. Saa kumi na mbili asubuhi tunapakia Tabata, saa nne tuko mkoroshoni, tena hapo foleni ilikuwa ya huruma.

Guta mbili elfu arobaini kila moja kwa siku, vijana wanne elfu kumi na tano kila mmoja na chakula. Pigeni hesabu wenyewe. Imezidi ile laki ya kwanza niliyoikataa. Mke wangu ameshaipiga, sihitaji kukumbushwa.

Friji limesimama, halijawashwa mpaka sasa, nawasikiliza mafundi wote wawili. Kabati lilikwenda la mwisho kwa mabega ya watu sita. Wawili walijitolea tu, mmoja ni yule kijana wa kalavati, na katikati ya bonde alisimama akakanyaga chini mara tatu akasema, "Si unasikia? Pana sauti ya zege." Mimi nilisikia tope. Mama mkwe alikaa mbele mpaka mkoroshoni, kisha akapanda guta, juu ya makochi, akiwa ameshika mwavuli.

Sasa kilichoniacha hoi. Leo asubuhi saa moja nimesimama nje napiga mswaki, ikapita Fuso ya mchanga, imejaa mpaka mlimani, ikaingia bondeni, ikatoka. Haikupunguza hata mwendo. Nimeiangalia mpaka mswaki ukakauka.

#44 Suka wa Kitambo

Fuso tumbo lake liko juu kutoka ardhini, na huyo dereva anajua mistari ya kukanyaga. Kila siku anapita hapo.

#45 Gia Namba Moja

Uzito! Nilisema mimi uzito. Imejaa ndiyo maana imepita.

#46 Mwana Kimbiji

Alishusha upepo. Mkuu, uliangalia tairi?

#47 Mzee wa Mvuti

Asubuhi bonde huwa limekaza kidogo. Mwangalie akirudi jioni.

#48 Mpangaji Mstaafu

Jioni haikurudi. Labda wana njia nyingine.

#49 Mkaazi wa Msongola

Kama kuna njia nyingine, hao vijana wa guta walikuwa wanaijua?

#50 Mama wa Mabwepande

Hongera kwa kwako mkuu. Umehesabu vitu vyote?

#51 Mpangaji Mstaafu

Vyote vipo mama. Isipokuwa rimoti ya runinga.

#52 Nimekaa Pale

Iko mkoroshoni.